Baada ya upasuaji wa nyonga, mzee akae wodini siku ngapi ndipo arudi nyumbani?

Mwana wa Kitulo (Uyole, Mbeya)

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Mama yangu ana umri wa miaka 78 na anaishi Makete, katika kijiji kilichojitenga kidogo na barabara ya lami. Aliteleza kibarazani asubuhi ya mvua akaangukia ubavu, na picha ya eksirei ikaonyesha kwamba shingo ya fupa la paja la kushoto imevunjika. Tulimleta hapa jijini. Alisubiri wodini siku kadhaa huku shinikizo la damu likidhibitiwa na sisi wanawe tukihangaikia wachangiaji damu na fedha ya kifaa, kisha akapasuliwa na kuwekewa kichwa bandia cha nyonga. Daktari ameridhika na upasuaji wenyewe, na kidonda kinaonekana kikavu.

Sasa tumeambiwa kwamba hali ikiendelea hivi ataruhusiwa mwishoni mwa wiki, na hapo ndipo familia imegawanyika. Mjomba amesoma kwamba huko Sweden wazee waliotolewa mapema walikufa kwa wingi kuliko waliokaa, kwa hiyo anataka tumwombe daktari amwache mama wodini walau wiki mbili. Binamu yetu aliyeko Marekani anapinga, akisema kwamba huko mgonjwa wa namna hii hutoka kabla ya wiki kwisha na kwamba wanaokaa sana hospitalini ndio wanaokufa. Dada yangu, ambaye ndiye anayemuuguza usiku na mchana, hana upande. Anasema yeye anachokiona ni kwamba mama hajasimama hata mara moja tangu atoke chumba cha upasuaji, kwa kuwa kila akiinuliwa analia kwa maumivu.

Naomba wenye ujuzi mnisaidie. Je, ni kweli kwamba idadi ya siku za kulazwa inabadilisha uwezekano wa mzee kuishi? Na kama ni kweli, tushike neno la mjomba au la binamu?

Mwalimu wa Takwimu (Iringa)

Ndugu yangu, pole sana kwa kuuguza. Nafundisha takwimu za afya, si daktari, kwa hiyo nitajibu lile la utafiti na kuwaachia wengine lile la kitandani.

Mjomba wako na binamu yako wote wawili wamesoma sawasawa. Kila mmoja ameshika utafiti wa mahali pamoja na kuufanya hukumu ya dunia nzima.

Utafiti wa Sweden ulichapishwa mwaka 2015 katika jarida la kitabibu la Uingereza liitwalo BMJ. Ulifuatilia wagonjwa 116,111 wa umri wa miaka 50 na kuendelea, waliovunjika nyonga kati ya mwaka 2006 na mwaka 2012. Katika miaka hiyo wastani wa kulazwa ulishuka kutoka siku 14.2 hadi siku 11.6. Miongoni mwa waliolazwa siku 10 au pungufu, kila siku moja iliyopunguzwa iliambatana na ongezeko la uwezekano wa kufa ndani ya siku 30 baada ya kuruhusiwa, na ongezeko hilo lilikuwa la asilimia 8 mwaka 2006, likafika asilimia 16 mwaka 2012. Lakini kwa waliolazwa siku 11 na zaidi, uhusiano huo haukuonekana tena. Kwa hiyo hata utafiti anaoutegemea mjomba hausemi kwamba kadiri mgonjwa anavyozidi kukaa ndivyo anavyozidi kuwa salama.

Mwaka uleule jarida lilelile likatoa utafiti wa jimbo la New York, uliohusu wagonjwa 188,208 wa kati ya mwaka 2000 na mwaka 2011. Huko wastani wa kulazwa ulishuka zaidi, kutoka siku 12.9 hadi 5.6, na matokeo yakaja kinyume kabisa. Waliolazwa siku 11 hadi 14 walikuwa na uwezekano wa kufa ndani ya siku 30 baada ya kutoka ambao ulizidi kwa asilimia 32 ule wa waliolazwa siku 1 hadi 5, na kwa waliopita siku 14 uwezekano huo ulikuwa zaidi ya maradufu.

Mtu anaweza kudhani kwamba mmojawapo wa tafiti hizi ni wa uongo. Mimi sidhani hivyo, kwa sababu kinachoitwa kuruhusiwa si kitu kimoja katika nchi hizo mbili. Mzee wa New York anayetoka siku ya tano mara nyingi haendi kwake, bali huhamishiwa kituo cha uuguzi na mazoezi, ambako yuko muuguzi wa zamu, mtu wa mazoezi ya viungo, na kitanda cha kuinuka na kushuka. Kwenye daftari ametoka hospitalini, ilhali matunzo yanaendelea katika jengo jingine. Sweden sehemu kubwa ya kazi hiyo ya kumrudishia mgonjwa nguvu ilifanyika wodini penyewe, na hivyo kukata siku kulimaanisha kukata matunzo.

Kuna jambo la pili, ambalo wasomaji wa magazeti hulipita. Tafiti zote mbili ni za kufuatilia tu, na hakuna aliyewagawa wagonjwa kwa bahati nasibu kwamba hawa wakae na hawa watoke. Mzee anayepata nimonia au ambaye moyo wake umechoka hucheleweshwa kutoka kwa sababu ni mgonjwa, na akifa baadaye, siku nyingi alizokaa zinaonekana kama ndizo zilizomuua. Watafiti husahihisha hesabu kwa umri na kwa magonjwa mengine, lakini hawawezi kusahihisha kila kitu ambacho daktari alikiona kwa macho na hakukiandika.

Na kuna la tatu, ambalo kwetu lina uzito kuliko yote. Siku za kulazwa kabla ya kisu na siku za kulazwa baada ya kisu hujumlishwa pamoja, nazo hazifanani hata kidogo. Uingereza tangu mwaka 2011 mwongozo wao wa kitaifa unataka mgonjwa apasuliwe siku aliyofika au siku inayofuata. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti wa nchi 17 wenye wagonjwa 2,970, na safari hii waligawanywa kwa bahati nasibu kweli, kundi moja likipasuliwa takribani saa 6 baada ya kugundulika na jingine takribani saa 24. Vifo ndani ya siku 90 vilikuwa asilimia 9 kwa asilimia 10, tofauti ndogo isiyotosha kuthibitisha lolote, ila waliowahishwa walichanganyikiwa akili kwa nadra zaidi, walisimama mapema, na walitoka mapema. Hao wa kundi la pili wanaoitwa waliochelewa walingoja siku moja tu. Mama yako alingoja siku kadhaa akiwa amelala chali, na misuli ya mzee hudhoofika upesi akilala hivyo. Mkihesabu tangu alipopokelewa mtasema amekaa sana, ilhali siku zinazomjenga zimeanza juzi tu.

Kwetu Nyanda za Juu Kusini, mzee akitoka wodini anakwenda nyumbani moja kwa moja. Kwa hiyo mimi ningeiacha kalenda ya mjomba na ya binamu, nikauliza ni kazi gani ya uuguzi iliyobaki na ni nani atakayeifanya huko anakokwenda.

Kijana wa Mafinga

Kaka, mimi nitasema lile ambalo wenye hesabu hulipita, nalo ni fedha. Tulimuuguza babu yetu kwa tatizo kama hilo, na kila siku ya ziada wodini ilikuwa na chakula cha mgonjwa, chakula cha anayeuguza, nauli za wanaokuja kuona, na shamba lililolala. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, na wazee wasio na uwezo wanastahili kutibiwa bila malipo, kwa hiyo kama mama hana bima nendeni ofisi ya ustawi wa jamii iliyoko hospitalini mkaulize kabla ya siku ya kuruhusiwa, wala msingoje mpaka mnapewa ankara. Lakini hata msamaha ukipatikana, gharama za anayeuguza hazimo.

Pia wodi si mahali pa usalama kama mjomba anavyofikiri. Pana kikohozi cha jirani, pana usingizi wa kukatikakatika, na mzee aliyezoea kwake anaanza kuweweseka usiku. Kama kidonda ni kikavu na daktari amesema atoke, mimi ningemtoa.

Sista wa Wodi ya Mifupa

Nawasalimu wote. Nimefanya kazi wodi za upasuaji katika mikoa yetu hii kwa muda mrefu, na nakubaliana na Kijana wa Mafinga kuhusu gharama na kuhusu kuweweseka. Nisichokubaliana nacho ni kutumia ukavu wa kidonda kama kipimo. Kidonda kinaweza kuwa kikavu kabisa na mzee akafa.

Tuseme wazi, kwa sababu familia nyingi huambiwa kwa kuzungushwa: takwimu za nchi nyingi zinaonyesha kwamba kati ya wazee 100 wanaovunjika nyonga, 20 hadi 30 hivi hufariki ndani ya mwaka mmoja, na hatari ni kubwa zaidi katika miezi ya mwanzo. Mara chache sana wanakufa kwa sababu ya mfupa wenyewe. Wanakufa kwa nimonia inayotokana na kulala chali bila kuvuta pumzi kwa nguvu, kwa damu iliyoganda mguuni ikasafiri hadi mapafuni, kwa moyo uliokuwa dhaifu tangu zamani, kwa vidonda vya mgandamizo vilivyooza, kwa mkojo ulioingia vijidudu kupitia mpira, na kwa kutokula. Karibu yote haya mzizi wake ni kitanda. Ndiyo maana maneno ya dada yako yamenishtua kuliko hoja za mjomba na binamu: mama hajasimama.

Mgonjwa wa kichwa bandia cha nyonga, kama hana kizuizi maalumu, anatakiwa kuketi na kusimama kando ya kitanda siku inayofuata upasuaji. Mfupa hauhitaji kusubiriwa uunge, kwa kuwa sehemu iliyovunjika imeondolewa na chuma kimechukua nafasi yake. Mwulizeni daktari swali hili moja kwa moja: je, mguu uliopasuliwa unaruhusiwa kubeba uzito wote? Mara nyingi jibu ni ndiyo, ila halikuwafikia ndugu, na ndugu kwa huruma yao wanamzuia mgonjwa asikanyage.

Kama kinachomzuia ni maumivu, basi maumivu yatibiwe kwanza. Wazee wetu wa Makete na Njombe hawaombi dawa. Ukimuuliza mama kama anaumwa atakujibu hajambo, huku ameuma meno. Dawa ya maumivu itolewe kwa saa zake bila kungoja alie, na dozi moja ipangwe nusu saa au zaidi kabla ya kuinuliwa. Parasetamoli ya kila baada ya saa sita inafanya kazi kubwa kuliko watu wanavyoidhania. Dawa kali zaidi daktari atazipima, kwa sababu zinaweza kumchanganya akili na kumfungia choo. Dawa za jamii ya diklofenaki msimnunulie wenyewe dukani, maana figo za mtu wa miaka 78 mwenye shinikizo la damu hazizipendi.

Angalieni pia kama bado ana mpira wa mkojo. Kama upo na hakuna sababu ya kuubakiza, ombeni utolewe. Chakula nacho ni tiba: mayai, maziwa, maharage, samaki, uji wa ulezi uliotiwa karanga, parachichi ambalo kwetu halikosekani. Ale kidogo kidogo mara nyingi. Na kama ana miwani au kifaa cha kusikia, visiachwe nyumbani, kwa sababu mzee asiyeona saa wala kusikia maneno huchanganyikiwa upesi katika mahali pageni.

Kuhusu kuruhusiwa, mimi sitazami siku. Natazama kama ana uwezo wa kutoka kitandani na kufika chooni akiwa na fremu na msaada wa mtu mmoja, kama maumivu yanatulizwa na vidonge peke yake, kama hana homa, anapumua vizuri bila oksijeni, anakula, akili yake ni ile mliyoizoea, kiwango cha damu kimepimwa baada ya upasuaji, na makalio na visigino havina wekundu usioondoka. Akiyatimiza hayo siku ya tano, siku ya tano ni njema. Asipoyatimiza siku ya kumi na mbili, basi kuna jambo linalohitaji kutafutwa, na kumlaza tu bila kulitafuta hakumsaidii. Norway walifanya utafiti wa wazee 397, ukachapishwa mwaka 2015, ambapo kundi moja liliuguzwa katika wodi yenye madaktari wa wazee, wauguzi na watu wa mazoezi wakifanya kazi kwa pamoja, na jingine katika wodi ya kawaida ya mifupa. Baada ya miezi 4 lile la kwanza lilikuwa linatembea vizuri zaidi. Kilichotofautiana hapo ni yaliyofanyika wodini.

Jambo la mwisho, nalo husahaulika sana siku ya kutoka: dawa ya kuzuia damu kuganda. Hatari hiyo haiishii mlangoni mwa hospitali, na kwa kawaida dawa huendelea kwa takribani mwezi mmoja baada ya upasuaji. Iwe ni sindano au vidonge, hakikisheni imeandikwa, imenunuliwa yote, na mnajua nani ataitoa.

Mwana wa Kitulo (Uyole, Mbeya)

Sista, Mwalimu, na ndugu wa Mafinga, nawashukuru sana. Nimemsomea dada majibu yenu kwa simu. Mpira wa mkojo bado upo, na dawa ya maumivu amekuwa akipewa anapoomba tu, naye, kama Sista alivyotabiri, haombi.

Kinachonitia wasiwasi sasa ni nyumbani. Kule Makete choo ni cha shimo, kiko nyuma ya nyumba, na njia yake ina utelezi. Mama analala kwenye kitanda cha chini, na kazi zake nyingi anazifanya akiwa ameketi kwenye kigoda jikoni. Baridi ya huko mnaijua. Kwangu Uyole kuna choo cha kukaa ndani ya nyumba, lakini mama anasema hawezi kuuguzwa na mkwe, anataka kurudi kwake aone ng'ombe wake. Tumpeleke wapi?

Mtu wa Mazoezi (Tukuyu)

Kaka, pole kwa majukumu. Mimi ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na swali lako hili la mwisho ndilo ambalo ningependa familia zote ziliulize kabla ya kuuliza la siku.

Kwa mtazamo wangu, mama aende Uyole kwanza, walau mpaka nyuzi zitolewe, ambayo huwa kati ya siku 10 na 14 baada ya upasuaji, na ikiwezekana mpaka daktari amwone kliniki kwa mara ya kwanza. Sababu si baridi. Sababu ni kwamba shida ikitokea katika wiki hizo, kutoka Uyole hadi hospitali ni safari fupi, na kutoka kijijini Makete wakati wa mvua ni safari ya kutwa. Kuhusu kuona aibu kuuguzwa na mkwe, dada yako ahamie Uyole kwa muda huo, na mkeo apewe kazi za jiko. Mama hatakataa akijua kwamba anayemwosha ni binti yake.

Sasa nyonga bandia. Upasuaji wa aina hii huweza kufanywa kwa kupitia nyuma ya nyonga, na ukipitia hapo, katika miezi mitatu hivi ya mwanzo kichwa bandia kinaweza kuchomoka mgonjwa akiikunja nyonga kupita pembe mraba, akivusha mguu uliopasuliwa juu ya mwenzake, au akiugeuza kwa ndani. Mwulizeni daktari alipitia upande gani na ana masharti gani. Kama ni hivyo, kigoda cha jikoni, choo cha kuchuchumaa na kitanda cha chini ni maadui watatu wa nyonga hiyo. Kitanda kiinuliwe kwa matofali yaliyopangwa imara mpaka magoti ya mama yawe chini kidogo ya nyonga anapoketi. Kiti chake kiwe kirefu, kigumu, chenye mikono ya kushikilia. Kwa kule Makete, mtafute fundi seremala atengeneze kiti kizito chenye tundu la kukaa juu ya shimo, miguu yake iwe mipana isiyumbe, na njia ya choo iwekewe changarawe na fito ya kushikilia upande mmoja. Usiku atumie ndoo yenye kiti chumbani. Hapana heshima inayopungua hapo.

Fremu ya kutembelea ni bora kuliko magongo ya kwapani kwa mtu wa umri wake, kwa kuwa magongo yanataka mikono yenye nguvu na mizani ambayo hana kwa sasa. Mkikosa ya kununua, fundi wa vyuma anaweza kuichomelea kwa mabomba mepesi, ila lazima miguu yake iwe na raba, na urefu wake ufike kwenye kifundo cha mkono mama anaposimama wima mikono ikining'inia. Atembee mara nyingi kwa muda mfupi, kila safari ikiongezwa kidogo. Akiwa ameketi akaze paja na kunyoosha goti, na avute pumzi ndefu kila akikumbushwa. Kanga anayojifunga isiburuze, na ndara zile za plastiki zifichwe kabisa, avae viatu vinavyoshika kisigino.

Safari yenyewe ya kutoka hospitali ifanyike kwa gari dogo, akae kiti cha mbele kilichosogezwa nyuma na kuegemezwa, juu ya mto mgumu. Bajaji na bodaboda hazimfai. Wakati wa kwenda Makete utakapofika, msimame njiani mara kwa mara anyooke na kupiga hatua chache, maana kukaa saa nyingi miguu ikining'inia ndiko kunakogandisha damu.

Mrudisheni hospitali bila kungoja asubuhi akipumua kwa shida au kuumwa kifua, mguu ukivimba upande mmoja na kuuma, kidonda kikitoa usaha, akipata homa, akianza kusema maneno yasiyoeleweka, au mguu ukionekana mfupi ghafla kwa maumivu makali. Watu wengi hudhani kuchanganyikiwa ni uzee, kumbe mara nyingi ni nimonia au mkojo wenye vijidudu unaojitangaza kwa njia hiyo.

Na kliniki msisahau kuuliza kuhusu mifupa yenyewe. Mtu anayevunjika nyonga kwa kuteleza tu kibarazani mifupa yake imekwisha kudhoofika, na nyonga ya pili iko hatarini. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa dawa ya kuimarisha mifupa iitwayo zoledroniki, inayotolewa kwa dripu mara moja kwa mwaka, kwa watu waliokwisha kufanyiwa upasuaji wa nyonga. Waliofariki walikuwa asilimia 9.6 kwa waliopewa dawa na asilimia 13.3 kwa waliopewa dripu isiyo na dawa. Si kila mzee anaifaa, kwa sababu figo na kiwango cha kalsiamu lazima vipimwe kwanza, lakini swali liulizwe.

Mwana wa Kitulo (Uyole, Mbeya)

Nimerudi kuwapa taarifa. Tumezungumza na daktari kwa utulivu, na tumemkuta hana ugomvi na lolote kati ya haya. Amesema mguu unaruhusiwa kubeba uzito wote, dawa ya maumivu sasa inatolewa kwa saa zake, na mpira umetolewa. Leo mama amesimama na fremu mara mbili na kupiga hatua hadi dirishani, akiwa amekasirika, jambo ambalo dada anasema ni dalili njema. Daktari hakutaja tena tarehe. Amesema atamruhusu akishamwona anakwenda chooni na kurudi, na kwamba upasuaji ulipitia nyuma, kwa hiyo masharti aliyoyaeleza Mtu wa Mazoezi yote yanamhusu. Mama amekubali kuja Uyole, kwa sharti kwamba mjomba alale Makete kuangalia ng'ombe. Mjomba hakutegemea kwamba hoja yake ya wiki mbili ingemfikisha huko.

Limebaki jambo dogo. Mlangoni kwangu kuna ngazi tatu zisizo na kishikizo. Atapandaje?

Mtu wa Mazoezi (Tukuyu)

Weka kishikizo kabla hajafika, hata cha mti uliochimbiwa vizuri. Kwenye ngazi aiache fremu, ashike kishikizo kwa mkono mmoja na gongo kwa mwingine. Kupanda aanze na mguu mzima, ufuate uliopasuliwa, kisha gongo. Kushuka aanze na gongo na mguu uliopasuliwa, ndipo mzima ufuate. Dada yako asimame daima upande wa chini yake, yaani nyuma anapopanda na mbele anaposhuka. Mwombeni mtu wa mazoezi wa hospitalini amfundishe kwenye ngazi za wodi kabla ya siku ya kutoka.